Sauti Mbovu ni Ipi

9 Julai

Sikio wangu,

Waraka ni nusu ya kuonana, wanasema. Basi leo nakuona nusu, tena kwa macho ya kuazima, maana yangu mtoto wa jicho ameshayafunga yote mawili. Mimi natamka, shangazi yako anaandika. Nimemwambia aandike neno kwa neno, asitie chumvi.

(Sitii chumvi. Hujambo, mwanangu? Unakula? Shangazi.)

Ndani ya kifurushi hiki mna kanda. Nimejirekodi mwenyewe hapa karakanani, kwa kile kinasa sauti ulichokivunja kifuniko ulipokuwa na miaka saba. Kwanza kuna wimbo mmoja, ule wa polepole aliokuwa akiupenda mama yako. Baada ya wimbo kuna maneno. Maneno hayo sikutaka yapite kwenye kalamu ya mtu mwingine, hata kama ni dada yangu wa tumbo moja.

(Alinitoa nje, nikakaa kibarazani saa nzima kama mgeni asiyekaribishwa. Baadaye ndipo akaniambia aliyoyasema, akaniapisha nisikuandikie hata herufi moja. Kiapo nimekila, na kimenikwama kooni.)

Mwisho wa kanda nimekuuliza swali. Nijibu kwa neno moja tu, ndiyo au hapana. Usinipambie.

Na mchezo wetu bado unaukumbuka? Nilikuwa nalegeza kilimi kimoja cha chuma ndani ya kodiani, napiga wimbo mzima, nawe umejikunja chini ya meza ya kazi kama paka. Nikimaliza nauliza: sauti mbovu ni ipi? Hukukosea hata siku moja. Wateja walikuwa wakisema huyu mtoto ana sikio, mwisho jina lako la kanisani likasahaulika. Sasa, humo kwenye kanda mna kitu kibovu. Kitafute, kisha uniandikie ni kipi.

Kifua kinanisumbua kidogo. Ni vumbi la karakana.

(Vumbi! Haya. Nimeandika vumbi.)

Nasikia hiyo dini yako mpya inamwekea mtu nadhiri: alale chini, ale mara moja kwa siku, akae kimya. Si vibaya. Hata wimbo una mahali pa kunyamaza, na mpigaji mbaya hujulikana hapo hapo.

Baba yako,
Mzee Mvukuto


18 Julai

Mwalimu,

Tangu uondoke kwenda kufungua nyumba ile ya pili ya kutafakari, sisi tuliobaki tunaamshwa na kengele ile ile, ila anayeigonga sasa hana mkono wako. Anagonga kama anayeuza maziwa. Nadhiri zangu nane nazishika. Tangu mwezi mpevu sijaweka chakula mdomoni baada ya adhuhuri, nalala chini kwenye mkeka, asubuhi naenda kazini maktaba na jioni narudi kukaa juu ya mto wangu na kuhesabu pumzi. Nimeahidi hivyo mpaka mwezi mpevu wa Oktoba, nami nitafika.

Nina swali moja. Baba yangu ni fundi wa kodiani. Amezitengeneza na kuzipiga maisha yake yote. Amenitumia kanda yenye wimbo, na baada ya wimbo kuna maneno yake. Nadhiri ya saba inanikataza muziki. Naweza kuuruka wimbo, lakini najijua: sitauruka. Nitausikiliza mara moja, kisha mara kumi, na usiku nitalala nao. Sikuja hapa kwa sababu nauchukia muziki, Mwalimu. Nilikuja kwa sababu kila nikiusikia namwona mama yangu amelala na mlango uko wazi.

Maneno yenyewe hayanipi wasiwasi, maana nayajua. Kila mwaka tangu nimalize chuo ananiuliza kama nitaichukua kodiani yake akishaondoka. Ameshauliza kwa utani, kwa hasira, kwa kupitia watu. Sasa anauliza kwa kanda. Kifurushi kilinukia dawa ya kuchua kifua. Nilikifungua, nikakifunga tena.

Nisubiri mpaka Oktoba?

Mwanafunzi wako


20 Julai

Shikamoo Baba,

Kanda imefika salama. Nimeiweka kwenye droo ya meza yangu ya kazini, nimeifunika kwa kitambaa, pamoja na sindano zangu nzuri.

Umewahi kuniuliza nafanya nini huku na nikakujibu kwa kifupi. Leo nakueleza. Karakana yetu ya kujalidi vitabu iko nyuma ya maktaba, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja. Vitabu vinaletwa vimekufa: migongo imevunjika, kurasa zimelegea, vingine vimelowa. Navifumua mpaka uzi wa mwisho, nakausha, nabandika karatasi nyembamba palipochanika, nashona upya, nabana kwenye shinikizo, nangoja siku mbili. Kazi yako na yangu zinafanana kuliko unavyofikiri. Tofauti ni kwamba changu kikipona hakipigi kelele.

Miaka mitatu iliyopita kililetwa kitabu cha mafundisho ya Budha ambacho kurasa zake hazikuwa na namba tena. Mchwa walikula pembe zote. Ili nijue ukurasa upi unafuata upi ilibidi nikisome. Nilisoma nikiwa na sindano mkononi. Nikafika mahali palipofundisha kwamba kila kilichounganishwa kitaachana, na kwamba mateso yetu ni kushikilia. Nikautazama uzi niliokuwa nauvuta. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia, halafu nikakimaliza kukishona, kwa kuwa ilikuwa zamu yangu.

Baba, nataka kusema jambo ambalo hatujawahi kulisema. Mama alifariki alasiri nikiwa na miaka kumi na miwili. Wewe ulikuwa kwenye harusi, unapiga. Shangazi alimtuma jirani, akapanda jukwaani, akakunong'oneza. Watu walinieleza baadaye. Uliendelea mpaka wimbo ukaisha, na ulipoisha ukaanza mwingine. Mimi nilikuwa nyumbani na Mama, na mlango ulikuwa wazi, na nilikuwa natazama mlango. Sikuandikii haya kukulaumu. Nakuandikia ujue kwamba sasa nayatazama kama mtu anayetazama maji yakipita. Nimejifunza kutoshikilia. Baba na mwana ni wasafiri waliokutana kituoni. Mmoja akiondoka, anayebaki asimvute shati.

Kwa hiyo swali lako nimeshalifikiria, tena muda mrefu kuliko unavyodhani, na kwa kuwa ulitaka neno moja, nakupa neno moja.

Hapana.

Usiumie. Halitokani na hasira.

Mwanao


3 Agosti

Binti,

Barua yako imenikuta nachanganya saruji. Nakujibu kwa haraka, usifikiri ni kwa ukali.

Nadhiri ya saba inahusu muziki wa kujiburudisha. Baba si burudani. Kama wimbo unakutisha, zungusha kanda mbele. Ukishindwa kuzungusha, usikilize wimbo, uvunje nadhiri, na kesho yake uishike tena. Nadhiri ni ua wa miti, si ukuta wa jela.

Kabla ya kunyoa nywele hizi nilikuwa muuguzi kwa miaka kumi na tisa. Dawa ya kuchua kifua naijua harufu yake. Sikiliza leo.

Mwalimu wako


8 Agosti

Sikio wangu,

Hapana yako imefika. Ni neno zuri, halina kona za kukwaruza. Nilimwomba shangazi yako aisome barua mara tatu, na mara ya tatu asome polepole, kama mtu anayepitisha mkono juu ya mvukuto kutafuta panapotoka upepo.

(Nimesoma mara tatu. Sina la kuongeza.)

Uliyoyasema ya mama yako ni kweli. Siyakani. Nimekujibu tayari kwenye kanda, usiku na mchana jibu liko humo.

Nimefurahi kusikia habari za vitabu. Sikujua kwamba vinabanwa siku mbili. Mimi gundi ya mvukuto huipa siku moja tu, na wateja hulalamika. Siku hizi hata wao hawaji.

Lakini umesahau jambo. Hujaniambia kitu kibovu ni kipi.

Mzee Mvukuto


(Kijikaratasi kilichokunjwa mara nne ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Hii naificha, yeye hajui. Nimekuogesha, nimekusuka, nimekupeleka shule umenishika kidole. Sijawahi kukuona na roho mbaya. Jibu ulilompa mzazi wako hata mtu baki halitoi. Umesoma mpaka umekauka, mwanangu. Unamwambia mzee wa watu habari za vituo na mashati! Nimeapa sitalitaja jambo lenyewe, na wewe unalijua, kwa hiyo sitalitaja. Ila nakuuliza: huyo Budha wako hakuwa na baba?

Shangazi


14 Agosti

Mwalimu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi na nadhani nimeielewa. Ungetaka kweli nisikilize usingeniwekea njia tatu: zungusha mbele, au vunja, au shika tena. Umenifungulia mlango uone kama nitatoka. Nimebaki ndani.

Barua ya shangazi yangu imenithibitishia. Amenitukana kwa sababu nimeikataa kodiani. Kwao kukataa chombo ni kumkataa mtu. Kama nilihitaji kuonyeshwa kushikilia kunavyofanana, nimeonyeshwa.

Nakiri kwamba droo ile sasa naifungua kwa shida. Nimehamishia sindano zangu kwenye kopo.

Mwanafunzi wako


24 Agosti

Shikamoo Baba,

Na Shangazi shikamoo pia, najua unanisoma wewe kwanza. Sijakasirika. Na ndiyo, alikuwa na baba.

Baba, mchezo wa sauti mbovu niliuacha utotoni, unisamehe. Siku hizi nasikiliza vitu vingine. Jioni tunakaa kimya na kila mmoja anatafakari kifo chake. Usishtuke. Tunaanza na pumzi: hii inaingia, hii inatoka, na hakuna aliyeniahidi ijayo. Kisha namwona mtu niliye, ngozi, nyama, mifupa, navitenganisha kama ninavyofumua kitabu, na najiuliza msomaji yuko wapi. Mwanzoni niliogopa. Sasa naona utulivu. Naona kwamba tunakifanya kifo kigumu kwa kukikimbia, na kwamba mtu anayekitazama usoni hufa mara moja tu, anayekikimbia hufa kila siku. Natamani ungeweza kukaa nami hata robo saa. Nadhani ungekuwa hodari kuliko sisi wote. Wewe maisha yako yote umefanya kazi na hewa inayoingia na kutoka.

Jana nilishona kitabu cha hesabu cha darasa la nne. Pembeni mwa ukurasa mtoto mmoja ameandika kwa penseli: "Nimechoka, anayesoma hapa aniombee." Kitabu kina miaka arobaini. Nilitaka kufuta, kama tunavyotakiwa. Sikufuta.

Vumbi la kifua likoje? Funga kitambaa puani ukiwa unapiga msasa.

Mwanao


15 Septemba

Sikio,

Barua imefika. Umeandika vizuri. Yule mtoto wa penseli nimempenda.

Kodiani nimeipumzisha.

Bado nasubiri jibu la mchezo.

Mzee Mvukuto


30 Septemba

Kwako uliye huko,

Baba yako amefariki juzi Jumatano, asubuhi, saa nne na dakika chache. Tumemzika jana. Alikataza nisikupigie simu wala nisikutumie mtu, kwa hiyo unapata kama mtu baki anavyopata, kwa stempu.

Alikuwa amekaa kitini karibu na dirisha la karakana kwa sababu kulala hakukuwezekana tena, maji yalikuwa yamejaa mapafuni. Nilikuwa namlisha uji. Alikataa kijiko cha tano, akasema subiri, nikasubiri. Basi.

Watu walikuwa wengi. Wapiga ala wenzake walikuja, wazee watupu, mmoja kwa magongo. Waliniuliza binti yuko wapi. Nikasema yuko kazini. Nimesema uongo kwenye msiba wa kaka yangu kwa ajili yako.

Daktari alimwambia tangu mwezi wa sita. Hilo unalijua, alikwambia mwenyewe. Alikuomba uje? Alikuomba. Ukasemaje? Sitaandika tena neno lile.

Shangazi yako


9 Oktoba

Shangazi,

Sistahili kukuamkia, lakini shikamoo.

Barua yako ilinifikia tarehe sita. Nadhiri yangu ilikuwa imebakiza siku moja. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi za maktaba, nikarudi karakanani, nikafungua droo, nikaichukua ile kanda nikaenda nayo chumba cha kumbukumbu ambako kuna mashine ya kusikilizia. Mtunza chumba aliniuliza, "Ya ofisi au yako?" Nikasema yangu. Akasema, "Dakika ishirini tu, dada, kuna foleni." Hakukuwa na mtu yeyote nyuma yangu.

Ndiyo, Shangazi. Ilikuwa mara ya kwanza. Ilikaa kwenye droo siku themanini na kitu na mimi nilikuwa sijaisikiliza. Nilikuwa nimeahidi kutosikia muziki kwa miezi mitatu, na sikutaka Baba ajue kwamba nimeuacha muziki, basi nikaandika kwamba kanda imefika salama. Niliona si uongo. Swali nililijibu kwa kukisia. Nilidhani ananiuliza tena kama nitaichukua kodiani. Ile hapana ilikuwa ya kodiani. Mwalimu wangu aliniambia sikiliza leo, nikaamua ananipima.

Nakuandikia yaliyomo, ingawa unayajua, kwa kuwa sina mtu mwingine wa kumwambia.

Wimbo ni ule wa Mama. Nilitafuta sauti mbovu, sikuweza kujizuia. Nilitega sikio kwenye kila kitufe, upande wa kulia, upande wa kushoto. Kodiani ilikuwa safi, Shangazi. Hakuna hata kilimi kimoja kilicholegea. Nikarudisha kanda nikaanza upya, na ndipo nikakisikia, kati ya mstari na mstari, mahali pale pa kunyamaza. Kulikuwa na mluzi mwembamba, wenye maji ndani, ambao haukufuata wimbo. Mvukuto haukuwa unavuja. Kifua chake ndicho kilichokuwa kinavuja. Alitaka nigundue kabla hajasema neno. Ningegundua dakika ya kwanza. Nikiwa chini ya meza ningegundua.

Kisha anazungumza. Anasema, "Umesikia, Sikio? Hicho ndicho kibovu. Fundi wake amesema hakina spea." Anacheka, anakohoa, unasikika mlango, nadhani ni wewe, anasema toka dada, bado. Anasema daktari hadhani ataumaliza mwezi wa tisa. Anasema hataki watu wamlilie, anataka mimi nije nikae karakanani, nisome vitabu vyangu kwa sauti, chochote, hata vya Budha, yeye apate kusikia mtu anageuza kurasa. Na anasema habari ya harusi. Anasema, "Yule jirani aliponinong'oneza, vidole viliendelea vyenyewe. Nilijua nikisimama, litakuwa kweli. Wimbo ulipoisha likataka kuwa kweli, nikaanza mwingine. Sikuwa mkatili, mwanangu, nilikuwa mwoga. Wewe ulikuwa umebaki peke yako na kweli yote." Halafu: "Utakuja? Ndiyo au hapana."

Mashine ikazima yenyewe. Mtunza chumba akagonga kioo.

Nimekaa siku tatu natafuta namna ya kusema kwamba ilikuwa nadhiri. Haikuwa nadhiri, Shangazi. Kifurushi kilinukia dawa. Pua yangu iliniambia, na Mwalimu aliniambia, na wewe uliniambia kwenye kijikaratasi, na Baba alipoacha kupiga aliniambia. Nadhani nilijua. Nadhani niliijua ile kanda kwa uzito wake mkononi. Nilikaa kila jioni nikatafakari kifo, nikakitenganisha nyama na mifupa, na chenyewe kilikuwa kwenye droo chini ya kitambaa. Nilimwandikia mtu anayekufa barua ya kumfundisha kufa.

Alikufa akiamini kwamba nilisikia yote nikasema hapana. Hilo siwezi kulitazama kama maji yakipita. Sijui hata pa kulishika.

Siombi unisamehe. Nauliza tu kama naweza kuja.

Mwana wa kaka yako


21 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma pale pale kwenye kiti cha dirishani, kwa sababu ndipo palipo na mwanga. Nimeisoma mara moja. Nikainuka nikafagia karakana nzima, kuanzia mlangoni. Halafu nikaisoma tena.

Sasa nikwambie, na usinikatize.

Unasema alikufa akiamini ulisikia yote. Siku ile barua yako ya hapana ilipofika, nilipomaliza kusoma mara ya tatu, akaniuliza, "Hakuna neno juu ya sauti mbovu?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi hajasikiliza." Nikamwambia ameandika hapana, kwa wino, tena ameipa mstari wake peke yake. Akasema, "Amejibu swali jingine. Mtoto yule angesikia kile kifua asingeweza kuandika habari za uzi na sindano." Mimi niliona anajifariji. Mfa maji haachi kutapatapa, nikasema moyoni. Sikumwamini. Nilikuchukia wewe, mwanangu, miezi miwili mizima, kwa raha zote.

Nikamwambia, kama hajasikiliza niache nimwandikie, kiapo nitakitema. Akakataa. Akasema mtu anayelala chini na kula mara moja kwa siku, ngoma ndiyo ataiacha kwanza. Kumbe alishakisia. Akasema, "Ameshika nadhiri. Mwache." Nikamwita mjinga. Kaka yangu mkubwa, sijawahi kumwita hivyo. Akacheka.

Barua yako ile ya kifo alinisomesha mara nne. Mara ya nne akasema, "Anaandika vizuri. Inaonekana hajawahi kuugua hata mafua ya wiki mbili." Usilie, ndivyo alivyosema, na alikuwa anatabasamu. Siku za mwisho akawa ananiambia nigeuze tu kurasa za kitabu chochote karibu na sikio lake. Nilikuwa nageuza kitabu cha namba za simu.

Sasa la kwangu. Wewe umeungama, nami niungame.

Barua ya tarehe kumi na tano Septemba haikuwa nzima. Alitamka maneno mengine, na mimi sikuyaandika. Nilikuwa na hasira. Niliona anakupa kitu usichostahili. Kwa kuwa haoni, nilikwaruza kalamu kwenye karatasi nikachora mistari mitupu, ili adhani naandika. Akasubiri nimalize. Halafu akaniuliza, "Umeandika?" Nikasema nimeandika. Akaitikia kwa kichwa tu. Mtu aliyeweza kusikia kilimi kimoja kimelegea kati ya mia, mwanangu. Sijui kama hakusikia tofauti ya mistari na maneno. Nalala na hilo kila siku, kwa hiyo usidhani uko peke yako huko.

Kuja, njoo. Kodiani iko juu ya kabati, nimeifunga mikanda yake isije ikajifungua. Kitanda chako kipo. Ukitaka kulala chini, lala chini, sakafu pia ipo. Ila usinifundishe kitu chochote kwa muda.

Maneno yenyewe ni haya. Nayaandika kama alivyoyatamka, bila chumvi:

"Sikio, maliza ulichoanza. Mimi niliimaliza ngoma yangu, na wewe imalize nadhiri yako. Siku utakayoisikiliza kanda, hutaniuliza tena kwa nini sikushuka jukwaani."

Shangazi yako